Acheni Kupima Fidla kwa Spidi

Kuna klipu imezunguka wiki hii na najua umeiona. Jamaa ameshika fidla, kwa kona ya skrini kuna saa inahesabu sekunde, vidole vinakimbia kama panya ameona paka. Anamaliza, anapangusa jasho, halafu maandishi makubwa yanatokea: GWIJI. Komenti zote ni moto. Watu kama tisa hivi walinitumia hiyo klipu wakiniuliza, "Wewe si hupiga hii kitu? Unaweza?"

Jibu ni hapana, siwezi. Sasa na mimi niwaulize: alipiga wimbo gani? Kuna mtu anakumbuka hata noti tatu za hiyo kitu? Hebu jaribu kuimba kidogo hapo ulipo. Ndiyo hiyo. Umeona mtu akifanya haraka, umeshangaa, umesonga mbele. Hakuna kitu kimebaki.

Leo nataka kugombana na nyinyi wote mnaodhani ufundi ni spidi. Na nitagombana kwa kutumia watu mnaodhani ni wa kuchosha kuliko wote: wapiga fidla wa Ulaya wa miaka ya 1600 na 1700, wale wa kipindi kinaitwa Baroki. Najua. Mnawajua kama muziki wa kusomea, muziki wa hoteli, muziki wa kungoja wakati umepiga simu benki na hawashiki. Mmedanganywa, na mwisho wa hii posti nitawaambia mimi nilisaidia vipi kuwadanganya.

(Nasema fidla juu ndivyo wapigaji wa taarab huko Mombasa wanavyoiita. Kama wewe unasema violini, sawa pia.)

Tuanze na kelele.

Mwaka 1627, mji wa Dresden, Ujerumani. Muitaliano anaitwa Carlo Farina anachapisha kipande kinaitwa Capriccio stravagante. Ndani yake fidla inalia kama paka, inabweka kama mbwa, inatetea kama kuku, inajifanya gitaa. Paka anatengenezwaje? Kidole hakirukii noti, kinateleza juu ya uzi ili sauti ipinde. Kuna mahali mpigaji anageuza upinde na kugonga nyuzi kwa mti badala ya nywele, kama ngoma. Na Farina hakukuacha ubahatishe, aliandika na maelezo ya jinsi ya kufanya hivyo vitu. Mwaka 1627! Sasa niambie tena hii ni muziki ya kulalia.

Baadaye kuna huyu mwingine, Heinrich Ignaz Franz von Biber, mzaliwa wa Bohemia mwaka 1644. Huyu ndiye ningependa mumjue leo hata kama mtasahau wengine wote. Jamaa alikuwa ameajiriwa na askofu huko Moravia, akatumwa kazi mwaka 1670, akaenda akapotelea huko huko. Hakurudi. Akatokea Salzburg kwa askofu mkuu mwingine, akapanda ngazi hadi akawa mkubwa wa muziki wa hapo, na mwaka 1690 mfalme mkuu akampa cheo cha ukabaila. Alitoroka kazi akaishia na "von" mbele ya jina.

Mwaka 1673 aliandika kitu kinaitwa Battalia, ya kundi la vyombo vya nyuzi, kuhusu vita. Anataka ngoma ya jeshi lakini hana ngoma. Afanye nini? Anaambia mtu wa besi aweke karatasi kati ya nyuzi, ikwaruze. Mizinga? Vuta uzi kwa nguvu uachilie ugonge mbao. Wanajeshi walevi? Kila mmoja anaimba wimbo wake, kwa ufunguo wake, wote kwa wakati mmoja. Ukisikiza bila kuambiwa utadhani spika imeharibika.

Lakini hizo ni vituko, na mtu anaweza kusema vituko pia si ufundi. Sawa. Basi twende kwa ile kitu iliyonifanya nikae chini.

Fidla ina nyuzi nne. Kutoka chini kwenda juu ni G, D, A, E. Kila mpigaji duniani anafunzwa hivyo siku ya kwanza, na mkono wa kushoto unakariri hiyo ramani hadi inakuwa kama njia ya kwenu, unaweza kutembea ukiwa umefumba macho. Karibu mwaka 1676 Biber aliandika sonata 15 kuhusu mafumbo ya Rozari, maisha ya Maria na Yesu, na mwishoni akaongeza kipande kimoja cha fidla peke yake. Jumla vipande 16. Na katika vipande 14 kati ya hivyo, alibadilisha ramani. Kila sonata ina tyuni yake. Unasimama, unakaza uzi huu, unalegeza ule, ndiyo uanze. Wanaita skordatura.

Unajua hiyo inafanya nini? Kwanza, noti unazosoma kwa karatasi si zile unazosikia. Karatasi inakuambia uweke kidole wapi, halafu sauti inatoka nyingine. Kama umesoma muziki, akili yako inapiga kelele. Lazima uamini mkono na uache sikio lingoje.

Pili, na hii ndiyo maana, chombo chenyewe kinabadilika roho. Katika sonata ya 6, Yesu yuko mlimani kwa mateso, anaomba. Biber anashusha uzi wa juu, ule mkali, kutoka E hadi D. Ule wa chini kabisa anaukaza kidogo. Sauti inakuwa nzito, imebanwa, kama mtu anaongea na koo limekauka. Hakuna mtu anakimbia hapo. Fidla imefanywa ionekane mgonjwa, na inaumwa kabla hata hujapiga noti ya kwanza.

Katika sonata ya 11, Ufufuo, jamaa anafanya kitu ambacho ukiona picha yake utadhani ni makosa. Zile nyuzi mbili za katikati anazipishanisha. Uzi wa pili unaenda mahali pa tatu na wa tatu mahali pa pili, zinavukana chini ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na zinavukana tena juu karibu na vigingi. Umeelewa? Kuna msalaba kwenye fidla. Wa ukweli, unaweza kuushika. Na si urembo tu. Baada ya hiyo kazi nyuzi zinakaa G, G ya juu yake, D, D ya juu yake. Kwa hivyo kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi mbili, unapata noti moja na pacha yake wa juu, pamoja. Kwa tyuni ya kawaida hiyo inataka vidole viwili vilivyotanuka. Biber anaitumia kupiga wimbo wa zamani wa Pasaka, na fidla moja inasikika kama kwaya, wanaume chini, watoto juu.

Sasa weka ile klipu yako ya saa na sekunde kando ya hiyo. Niambie nani gwiji.

Mwishoni mwa hiyo kazi kuna kile kipande cha fidla peke yake, Passacaglia. Hapa tyuni imerudi ya kawaida. Msingi wake ni noti nne zinazoshuka. Nne tu. Zinarudiwa mara 65. Mtu akikwambia hivyo utasema ni loop, na ndiyo, ni loop kama ya prodyusa yeyote wa mtaani. Kazi iko juu yake: fundi mmoja anashikilia hizo noti nne na wakati huo huo anapiga kila kitu kingine, na kila mzunguko lazima uwe na sababu ya kuwa pale. Kuna mahali noti nne hazipigwi wazi kabisa lakini wewe unazisikia tu, kwa sababu ameshakuzoesha. Ameweka besi kichwani mwako. Miaka kama 45 baadaye Bach aliandika sonata na partita zake sita za fidla peke yake, karatasi ina tarehe 1720, na ndani kuna ile Chaconne ambayo inaenda kama robo saa kwa mtindo huo huo wa msingi unaorudi. Hizo hazikuchapishwa hadi 1802, Bach alikuwa amekufa zaidi ya miaka 50. Na zile za Biber? Zilikaa kama maandishi ya mkono huko Munich, zikachapishwa 1905. Hakuna aliyekuwa anatafuta sifa za haraka hapo.

Naona mtu ananiandikia tayari: "Buda, wacha uongo, hao wa Baroki pia walikuwa wanakimbia." Kweli kabisa. Sitaficha hiyo. Vivaldi alikuwa anakimbia. Locatelli mwaka 1733 alitoa kitabu cha konseto 12, na ndani akaweka kapriko 24 za kupiga peke yako ambazo hadi leo zinavunja watu mikono. Tartini ana ile sonata ya Shetani, ambayo alisimulia kwamba mwaka 1713 aliota Shetani ameketi kwa kitanda chake akipiga fidla, na akaamka akajaribu kuandika alichosikia. Ndani yake kuna trili, yaani noti mbili zinazobadilishana haraka haraka, na huku vidole viwili vikiendelea kutetemesha trili kwa uzi mmoja, vidole vingine vinapiga wimbo kwa uzi wa jirani. Hiyo ni spidi, ndiyo. Lakini ugumu wake hauko kwa spidi. Uko kwa kugawa mkono mmoja uwe watu wawili ambao hawasikizani. Jaribu kuandika meseji kwa kidole gumba huku kidole kidogo cha mkono huo huo kinapiga mdundo tofauti. Utanikumbuka.

Na mambo ya spidi tupu yalikuwa yanabishaniwa enzi hizo hizo. Februari 1715 kuna Mjerumani anaitwa von Uffenbach alienda opera Venice, akamwona Vivaldi akipiga solo. Aliandika kwa shajara yake kwamba alishtuka: vidole vilipanda hadi vikabaki upana wa unyasi tu kufika kwa daraja, upinde ukakosa nafasi, na kasi haiaminiki. Ukumbi wote ulipagawa. Halafu akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuweza kusema kimemfurahisha, kwa sababu kilikuwa cha ustadi kuliko kilivyokuwa kitamu kusikia. Miaka zaidi ya 300 iliyopita mtu aliona ile klipu yenu, na akaandika komenti yangu.

Sasa twende kwa polepole, kwa sababu hapo ndipo vita yangu iko.

Tarehe 1 Januari 1700, Arcangelo Corelli alitoa sonata zake 12 za fidla, opus 5, huko Roma. Hicho kitabu kilichapishwa tena na tena Ulaya nzima. Ukifungua sehemu za polepole utacheka. Noti chache, ndefu, zimekaa hapo kama viti vya plastiki kabla ya harusi. Mtoto wa mwaka wa pili anaweza kuzisoma. Na ndiyo maana watu wanazidharau.

Lakini hakuna fundi wa enzi hiyo angezipiga hivyo tu. Zile noti zilikuwa fremu. Kazi ya mpigaji ilikuwa kujaza: kuingia kwa noti kutoka pembeni, kuchelewesha, kutelezesha mfululizo mdogo kati ya noti mbili, kunyamaza mahali watu wanangoja. Mwaka 1710 mchapishaji wa Amsterdam, Estienne Roger, alitoa toleo lenye mapambo yameandikwa juu ya hizo noti tupu, akidai ndivyo Corelli mwenyewe alivyokuwa anazipiga. Ukilinganisha mistari miwili utadhani ni nyimbo mbili tofauti. Chini, mifupa. Juu, mtu mzima anatembea.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hii. Sikiza fidla kwenye taarab. Mwimbaji akimaliza mstari, fidla inaingia kwenye lile pengo na kusema lake, na madoido hayo si lazima yawe yameandikwa mahali. Mpigaji anajua wimbo, anajua mwimbaji, anajua lini atoke. Hakuna mtu Mombasa anapima hiyo kwa saa. Anapimwa kwa kama amekugusa.

Mimi nilijifunza Corelli nikiwa shule. Siku moja, baada ya kusikia rekodi, niliongeza madoido kidogo kwenye sehemu ya polepole. Vitu vidogo. Mwalimu alisimamisha, akaweka kalamu juu ya karatasi na kuniuliza, "Hiyo umeona wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Nilikatwa maki. Kwa hivyo nilifunzwa kwamba sehemu ya polepole ni ya kungoja tu, unashika noti, unahesabu, hadi ufike kwa ile ya haraka ambapo utaonyesha uwezo wako. Miaka mingi nilipiga hivyo. Ni kama umepewa fremu ya picha, ukaitundika ukutani bila picha, na ukapewa tuzo kwa kuitundika ikiwa imenyooka.

Simlaumu sana. Alifunzwa hivyo pia. Lakini kuna kitu mwaka huu siwezi kusamehe, na mimi niko ndani.

Jumamosi huwa nasaidia kwenye kundi moja la watoto. Fidla ni chache, watoto ni wengi, kwa hivyo wanabadilishana. Kuna msichana wa miaka 14, sitamtaja. Vidole vyake si vya haraka. Lakini upinde wake, manze. Ukimpa noti moja ndefu, inaanza kabla hujajua imeanza. Inakua, inajaa chumba, inapungua, na inaisha hivi kwamba watu wanabaki wakisikiza ukuta. Hakuna aliyemfunza hiyo. Mimi nimepiga miaka kumi na siwezi kila siku.

Tulikuwa na tamasha dogo. Mahali pa solo palikuwa pamoja. Yeye alikuwa ametayarisha sehemu ya polepole ya Corelli. Kulikuwa na kijana mwingine, mzuri pia, sina ubaya naye, ambaye alikuwa na kipande cha haraka. Uamuzi ulikuwa kwamba kijana apige, kwa sababu wageni watachoka na polepole. Msichana akaambiwa, mbele yetu sote, angoje hadi apate vidole.

Nilikuwa hapo. Sikusema kitu. Na si hayo tu. Nilitoa simu nikarekodi yule kijana, nikaweka na maneno makubwa juu, nikaongeza saa kwa kona. Ndiyo, saa. Ilienda vizuri kuliko posti yoyote yangu mwaka huu. Mlinipa moto na vichwa vya kulipuka, na nikafurahi.

Msichana hajarudi. Jumamosi tatu sasa. Nimepigia mama yake simu, akaniambia kwa upole kwamba ameamua kuzingatia masomo. Labda ni kweli. Lakini mimi nilisikia "angoje hadi apate vidole," na najua yeye pia aliisikia.

Kwa hivyo nisikizeni hii hadithi ya mwisho, kwa sababu nilipoisoma nilitamani ningeijua hiyo siku ya tamasha.

Tarehe 5 Machi 1760, Tartini, huyo huyo wa Shetani, sasa mzee, aliandika barua kwa msichana anaitwa Maddalena Lombardini. Alikuwa akilelewa Venice kwenye Mendicanti, moja ya zile taasisi za hisani zilizokuwa zinalea na kufunza wasichana muziki. Alikuwa na miaka 14. Hiyo barua ni somo la fidla. Mtu aliyekuwa anajulikana Ulaya nzima kwa ugumu wa vidole, anaulizwa na mtoto aanzie wapi. Aliandika nini?

Alimwambia aanze na upinde. Aushike na kuukalisha juu ya uzi kwa wepesi ambao mwanzo wa sauti uwe kama pumzi. Afanye zoezi hilo kwa uzi mtupu, bila kidole chochote cha mkono wa kushoto, aanze kwa ulaini kabisa, aongeze kidogo kidogo hadi sauti ijae, halafu apunguze hivyo hivyo hadi iishe. Kila siku. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Akamwambia hiyo ndiyo kazi ngumu na muhimu kuliko zote.

Baada ya hapo, ndiyo, anamwambia achukue sehemu za haraka za Corelli, hiyo hiyo opus 5, azipige polepole kwanza halafu aongeze kasi hadi aweze kwenda mbio kabisa. Spidi ipo kwa barua. Iko namba mbili. Na hata hiyo namba mbili ni zoezi la mkono wa upinde. Hata trili anamfunza aianze polepole, kisha wastani, kisha haraka.

Inasimuliwa kwamba Tartini mwenyewe akiwa kijana, karibu 1716, alimsikia Veracini akipiga, akaona aibu, akaacha shughuli zake na kujifungia Ancona kujifunza upya. Ajifunze nini? Kutumia upinde. Vidole alikuwa navyo tayari.

Na Maddalena? Alitoka, akaolewa, akawa Madame Sirmen, akapiga Paris na London, akaandika na kuchapisha muziki wake mwenyewe. Alianza na uzi mtupu na pumzi. Yaani alianza na kile kitu hasa ambacho yule msichana wetu alikuwa nacho bila kufunzwa, na sisi tukamwambia haitoshi.

Najua hoja yenu nyingine: "Lakini spidi ndiyo inaleta watu. Ukiwaletea polepole hawatakaa." Hiyo hoja niliitumia mimi mwenyewe, na ina ukweli kidogo. Spidi inaleta watu. Lakini inawaleta kwa spidi, haiwaleti kwa muziki. Wakipata mwingine wa haraka zaidi wanahama, na daima kuna mwingine wa haraka zaidi. Mwisho wake tunabaki na watoto wanaodhani kama huwezi kukimbia huna kipaji, na watu wazima wanaodhani Baroki ni ama sarakasi ama usingizi. Hakuna kitu katikati. Na katikati ndipo muziki wenyewe uko.

Hoja ya tatu, "hizi ni vitu za wazungu, zinatuhusu nini." Sijakuambia uache gengetone. Sikiza unachotaka. Ila kama tayari tunafunza watoto wetu hiki chombo, na tunawapa mitihani ya hiki kitabu cha Corelli, basi tuwape kitabu kizima. Tusiwape ule upande wa kutii noti na ule wa kushindana mbio, halafu tuwafiche kwamba waliokiandika walitarajia mpigaji aongeze lake.

Kwa hivyo, ombi tatu.

Walimu: mtoto akiongeza dokezo lake kwenye Corelli ya polepole, usiulize ameona wapi. Uliza kwa nini aliliweka hapo. Kama ana jibu, mwache.

Nyinyi wa kuposti kama mimi: toeni saa kwa kona. Mimi nimefuta ile yangu jana usiku, pamoja na namba zake zote. Iliuma kidogo, sitadanganya.

Na wewe unayesoma: leo usiku vaa ifoni, zima kila kitu, tafuta Passacaglia ya Biber. Inaenda kama dakika nane, tisa. Usiharakishe, usiruke mbele. Hesabu zile noti nne zinazoshuka hadi usahau kuhesabu. Ukifika mwisho uniambie kwa komenti ilikuwa mzunguko wa ngapi uliposahau. Mimi husahau karibu na ishirini.

Kuhusu yule msichana, kuna tamasha lingine mwezi wa kumi na mbili. Nimeshawaambia wahusika kwamba nataka sehemu ya polepole kwenye programu, na kama wageni watachoka, wachoke. Hawajakubali bado. Fidla yake nimeiweka kando, sijampa mtu. Kama mama yake anasoma hii: tafadhali mwambie aje tu, hata kama ni kupiga uzi mtupu.